Nusu Karne ya Iron Maiden na Nusu Iliyoachwa Nje

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aghalabu lawama ya methali hii humwangukia mgema peke yake, ilhali wanaomsifu huachwa waende zao bila kuulizwa neno. Lakini je, tembo likishatiwa maji na wanywaji wakaendelea kulisifu, kosa ni la nani? Swali hili lafaa kuulizwa kuhusu Iron Maiden, bendi kongwe ya muziki wa hevi metali kutoka Uingereza, pamoja na mashabiki walioifuata kwa miongo mingi.

Iron Maiden iliasisiwa na mpigaji gitaa la besi, Steve Harris, mashariki mwa jiji la London tarehe 25 Disemba 1975. Kufikia mwaka wa 2025 ilikuwa imetoa albamu 17 za studio, ya kwanza mwaka wa 1980 na ya kumi na saba, Senjutsu, mwaka wa 2021. Ili kuadhimisha nusu karne, bendi ilianza ziara mjini Budapest tarehe 27 Mei 2025. Sharti la ziara hiyo lilikuwa moja: nyimbo zote zitoke katika albamu tisa za mwanzo, yaani za kati ya 1980 na 1992. Albamu nane zilizofuata hazikupewa hata wimbo mmoja jukwaani. Kwa hesabu ya albamu, sherehe iliyoitwa ya miaka 50 ikawa sherehe ya miaka 12.

Uzito wa jambo hili haueleweki pasipo kuielewa bendi yenyewe. Wapo wanaouona muziki wa aina hii kuwa makelele matupu, na wapo waliouona kuwa ibada ya shetani. Albamu The Number of the Beast ilipotoka mwaka wa 1982, baadhi ya makundi ya kidini nchini Marekani yalichoma santuri za bendi hii hadharani. Anayesikiliza kwa makini hukuta kitu kingine kabisa, nacho ni masimulizi. Mwaka wa 1984, Harris aliligeuza shairi la Samuel Taylor Coleridge, The Rime of the Ancient Mariner, lililochapishwa mwaka wa 1798, kuwa wimbo wa zaidi ya dakika 13. Mwaka wa 1986 akasimulia maisha ya Iskandari wa Makedonia. Mwanafunzi aliyezoea tenzi za Kiswahili, kwa mfano Utendi wa Tambuka na vita vyake, hawezi kupotea humo: atamkuta shujaa, safari, mapigano, adhabu na ibra, huku magitaa mawili yakienda sambamba kama vina vinavyoufunga ubeti.

Ufundi huo wa kusimulia haukukoma mwaka wa 1992. Bruce Dickinson, mwimbaji aliyejiunga na bendi mwaka wa 1981, aliondoka mwaka wa 1993, na baada yake akaja Blaze Bayley, aliyeimba kuanzia 1994 hadi 1999. Mashabiki wengi hukitaja kipindi cha Bayley kwa kukunja uso. Ni kweli kwamba sauti yake ilikuwa nzito na ya chini, nayo haikuoana na nyimbo zilizotungiwa koo la Dickinson. Hata hivyo, Sign of the Cross wa mwaka wa 1995 na The Clansman wa mwaka wa 1998 ni nyimbo zinazosimama kwa miguu yake zenyewe; ushahidi ni kwamba Dickinson naye aliziimba jukwaani baada ya kurejea. Alirejea mwaka wa 1999 pamoja na mpigaji gitaa Adrian Smith, bendi ikawa na magitaa matatu, na kuanzia Brave New World ya mwaka wa 2000 zikafuatana albamu sita. Katika The Book of Souls ya mwaka wa 2015 umo Empire of the Clouds, wimbo wa dakika 18 uliotungwa na Dickinson kuhusu R101, meli ya angani ya Uingereza iliyoanguka nchini Ufaransa mwaka wa 1930 na kuua watu 48. Bendi inayoweza kutoa wimbo kama huo miaka 35 baada ya albamu yake ya kwanza haijaishiwa.

Kusema hivi si kudai kwamba kila kilichotungwa baada ya 1992 ni lulu. The Angel and the Gambler wa mwaka wa 1998 hukirudia kiitikio mpaka msikilizaji akachoka. Nyimbo kadhaa za miaka ya karibuni hufunguliwa kwa gitaa la polepole, kwa namna ileile, kana kwamba kila hadithi lazima iingiwe kwa mlango mmoja. Senjutsu, yenye zaidi ya dakika 80, ingefaidika kwa kupunguzwa. Shabiki wa kweli huyasema haya waziwazi, kwani mapenzi hayazuii uhakiki. Lakini kuihakiki kazi ni jambo moja, na kuifuta ni jambo lingine.

Upande wa pili una hoja zake, nazo si nyepesi. Fanani hakamiliki pasipo hadhira, na hadhira hulipa kiingilio ili isikie nyimbo inazozijua. Vijana waliozaliwa baada ya 1992 wanastahili kuzisikia nyimbo hizo kabla wenyewe hawajanyamaza. Umri nao hausubiri: Harris alizaliwa mwaka wa 1956 na Dickinson mwaka wa 1958. Mpigaji ngoma Nicko McBrain, aliyepatwa na kiharusi mwanzoni mwa 2023, aliacha kwenda ziarani mwezi wa Disemba 2024 baada ya kuwa na bendi tangu 1982, na Simon Dawson akaketi penye ngoma. Paul Di'Anno, mwimbaji wa albamu mbili za kwanza, aliaga dunia mwezi wa Oktoba 2024. Katika hali kama hiyo, kuzirudia nyimbo za mwanzo ni sawa na kuzuru makaburi ya wazee, na hakuna mwungwana atakayeilaumu heshima hiyo.

Tatizo basi si kuzirudia nyimbo za kale, bali ni mpaka uliochorwa. Kwamba mpaka huo haukuwa wa lazima, bendi yenyewe ilikwisha kuonyesha. Mwaka wa 2006 ilipanda jukwaani na kuipiga albamu mpya ya wakati huo, A Matter of Life and Death, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Baadhi ya mashabiki walinung'unika wakidai nyimbo za zamani. Katika ziara ya mwaka wa 2023, nyimbo za Somewhere in Time ya 1986 na za Senjutsu ziliketishwa mkeka mmoja, na ule wimbo wa Iskandari ukapigwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza, miaka 37 tangu urekodiwe. Aliyekwenda kwa ajili ya Iskandari alirudi nyumbani akiwa amezisikia pia tungo za uzeeni. Hivyo ndivyo nusu karne ilivyostahili kuadhimishwa. Wimbo mmoja tu wa mwaka wa 2000, au wa 2015, usingemdhulumu mtu.

Hapa ndipo methali inapowarudia wanywaji. Walionung'unika mwaka wa 2006 walipewa mwaka wa 2025 kile walichokililia. Wasomi wa fasihi simulizi wanajua kwamba hadhira si chombo cha kupokea tu. Kila inaposhangilia au kukaa kimya, humwelekeza fanani aimbe nini na aache nini. Shabiki anayepiga makofi kwa nyimbo za ujana pekee humwambia msanii kwamba nusu ya maisha yake haikuwa na maana. Siku Harris atakapoliweka chini gitaa lake, albamu zitakazohesabiwa zitakuwa zisizopungua 17, wala si tisa. Heri hadhira ianze kuhesabu vyema sasa, mgema angali juu ya mnazi.