Kufuli Mlangoni, Wanafunzi Ngazini

Twaona vyuoni mwetu kumbi zilizofungwa kwa kufuli, huku wanafunzi wakijadiliana masomo ngazini na chini ya miti. Twaambiwa vyumba havitoshi. Hatukubali! Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba mali ya dunia imekusudiwa watu wote. Chuo Kikuu cha North Carolina State, Marekani, kilipanga darasa la fizikia kwa meza za mviringo za wanafunzi 9, mwalimu akizunguka kati yao. Hakuna aketiye nyuma. Sisi hatudai samani mpya. Twadai milango ifunguliwe, madawati yaelekezane, na wanafunzi washirikishwe kupanga. Walei mlio katika bodi za vyuo, ulizeni: ufunguo anao nani?