Nani Humlea Mkimbiaji wa Miaka Kumi na Mitatu?

Kila alfajiri, kando ya barabara ya Namanga ipitayo Sakina na katika njia za vumbi zipandazo kuelekea Mlima Meru, huonekana vijana wakikimbia. Baadhi yao ni wanariadha waliokwisha kupata majina. Nyuma yao hufuata watoto wa shule. Mji wa Arusha uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri mkimbiaji apandavyo mlimani ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi na mwili wake unavyolazimika kuongeza chembe nyekundu za damu.

Kwamba nchi hii ina miguu ni jambo lisilohitaji ushahidi mpya. Mwaka 1974, mjini Christchurch, Ndugu Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huku akiongoza tangu mwanzo hadi utepe. Moscow, mwaka 1980, yeye na Ndugu Suleiman Nyambui walipata medali mbili za fedha. Hadi Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024 hakuna Mtanzania mwingine aliyepanda jukwaa lile. Ikabidi kungojea Septemba 2025, Tokyo, ndipo Ndugu Alphonce Simbu alipolipatia taifa dhahabu ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Shangwe ile ilikuwa halali, lakini imefunika swali moja. Bayi, Juma Ikangaa na Simbu wote walikuwa askari. Jeshi la Wananchi liliwapa chakula, malazi na nafasi ya kufanya mazoezi. Jeshi, hata hivyo, humpokea mtu mzima. Kati ya miaka 12 na 18, ni nani amshikaye mkono?

UMITASHUMTA na UMISSETA huibua vipaji. Mtoto hushinda mita 800, hupigiwa makofi, kisha hurudi kwao. Mwalimu aliyemwandaa ana vipindi vya hisabati na madaftari ya kusahihisha, na pengine mwakani atahamishwa. Mtoto aliyeachwa hivyo hujifunza kwa kuiga wakubwa: hukimbia kilometa zilizozidi umri wake, huingia mbio za barabarani akitafuta fedha, na goti humharibikia kabla hajaota ndevu. Kanuni za mashindano ya dunia hazimruhusu kijana asiyefikia miaka 20 kukimbia marathoni. Lakini ni nani wa kumweleza?

Huko Iten, nchini Kenya, Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa amesomea ualimu wa riadha, aliujifunza uwanjani. David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka 2012, alilelewa naye tangu ujana. Wapo wasemao kuwa Wakalenjin wana damu ya mbio. Basi watu wa Karatu na Mbulu wasemweje? Iten ilipata mwalimu, na mwalimu yule akakaa.

Mpango wa taifa wa kuwalea wanariadha vijana hauna budi kuanzia hapo. Wachaguliwe walimu waliosomea kazi hiyo, wakiwamo wahitimu wa Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wawekwe katika kata chache za Arusha, Karatu na Mbulu, wapunguziwe vipindi, wala wasihamishwe kwa miaka sita. Kila mtoto awe na daftari la mazoezi litakalomfuata kutoka shule ya msingi hadi sekondari. Mzazi anayehofia masomo ya mwanawe naye aonyeshwe daftari hilo pamoja na ripoti ya darasani, kwa maana hofu yake ina msingi.

Uwanja mpya waweza kungoja. Kalamu ya uhamisho imo mikononi mwa maofisa elimu, na majina ya washindi wa UMITASHUMTA ya mwaka uliopita yamo katika majalada yao. Anayetaka kuanza kesho na alifungue jalada hilo, aulize kila mtoto aliyetajwa humo yuko wapi leo.