Sheria za nyumbani ndizo huwaharakisha wanaokwenda Uswisi kufa

KWA zaidi ya miaka 25 sasa, wagonjwa kutoka mataifa ya kigeni wamekuwa wakifunga safari hadi Uswisi, si kutafuta tiba bali kusaidiwa kufa. Wengi hupokelewa na Dignitas, shirika lililoasisiwa na wakili Ludwig Minelli mnamo 1998.

Msingi wa safari hizo ni kifungu cha 115 cha sheria ya jinai ya Uswisi, kilichoanza kutumika 1942. Kifungu hicho humwadhibu tu anayemsaidia mwenzake kujiua kwa tamaa ya kujinufaisha, wala hakimbagui raia na mgeni. Mei 2011, zaidi ya asilimia 75 ya wapigakura wa jimbo la Zurich walikataa pendekezo la kuwafungia wageni mlango.

Hata hivyo, mlango kuwa wazi hakumwondolei mgeni taabu. Kisheria, kitendo cha mwisho sharti akitende mgonjwa mwenyewe, akiwa na akili timamu. Hivyo basi, anayeugua maradhi yanayopooza viungo hana budi kusafiri angali na nguvu. Hapo ndipo penye kitendawili: anayenyimwa ruhusa kwao huenda akafa mapema kuliko ambavyo angekufa lau angeruhusiwa kungoja.

Hoja hiyo ndiyo iliyofikishwa mahakamani na Debbie Purdy, Mwingereza aliyeugua maradhi ya neva. Sheria ya mwaka 1961 ya Uingereza na Wales inatoa adhabu ya hadi miaka 14 gerezani kwa anayemsaidia mtu kujiua. Purdy alitaka kujua iwapo mumewe angeshtakiwa kwa kumsindikiza. Bila hakikisho, alidai, angelazimika kwenda mapema, angali na uwezo wa kusafiri peke yake. Julai 2009 majaji wa Bunge la Malodi walikubaliana naye, na 2010 mkurugenzi wa mashtaka akatoa mwongozo. Purdy hakwenda Uswisi. Alifariki Desemba 2014 katika hospisi mjini Bradford.

Wapinzani nao wana hoja nzito. Mnamo 2018, mwanasayansi David Goodall wa Australia, mwenye umri wa miaka 104, alisafiri hadi Uswisi akafia huko ilhali hakuwa na ugonjwa wa kumuua. Ikiwa uchovu wa uzee watosha, ni nani atakayemkinga mkongwe anayejiona mzigo kwa wanawe? Daktari wa ugenini, anayemwona kwa siku chache, hawezi kujua kwa urahisi yaliyosemwa nyumbani kwake.

Juni 2025, bunge la chini la Uingereza lilipitisha, kwa kura 314 dhidi ya 291, mswada wa kuwaruhusu wagonjwa waliobakiza miezi sita ya kuishi. Sharti hilo lisingemfaa Purdy alipokwenda kortini.

Hapa Kenya, kifungu cha 225 cha sheria ya adhabu kinatoa kifungo cha maisha kwa anayemsaidia mtu kujiua. Kwa Mkenya wa kawaida, nauli ya Uswisi ni ndoto. Swali lake ni iwapo atapata dawa ya kutuliza maumivu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wabunge wa taifa lolote, wakikataa au wakikubali, wana deni la kwanza kwa mgonjwa huyo: kumpunguzia uchungu ili asiharakishwe na hofu.