DAFTARI LA MASHINE LISIWE DAFTARI LA WATU



Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni la kweli, nasi katika chama hatulikatai. Kompyuta ni mali, printa ni mali, swichi na waya za mtandao ni mali, na mwenye mali ana haki ya kujua ana nini, kiko wapi, na kina hali gani. Lakini siku hizi daftari hilo haliandikwi tena na karani wa stoo mwenye kalamu sikioni. Linaandikwa na programu, yenyewe, usiku na mchana, bila kupiga hodi. Kwa hivyo tunataka kusema nanyi juu ya jambo hili kabla halijafika mezani kwa kila mmoja wetu.

Katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, wenzetu waliingia kazini Jumatatu wakakuta kompyuta zao zimekuwa nzito. Walipouliza waliambiwa kwamba mafundi wametia programu ya kuhesabu vyombo. Wakaridhika, wakaendelea na kazi. Baada ya wiki tatu, mwenzetu mmoja wa dirisha la malipo akapewa barua ya onyo. Barua ilisema kwamba kwa siku nne mfululizo hakufungua kompyuta, basi hakuwako kazini.

Kweli yenyewe ilikuwa hivi. Kompyuta ile ya dirishani hutumiwa na watu watatu kwa zamu. Anayefika kwanza huifungua kwa jina lake, na wengine huendelea papo hapo kwa sababu foleni ya wateja haingoji. Desturi hiyo si nzuri, na tumewaambia wenzetu waiache. Lakini mkubwa wa idara aliijua muda mrefu na hakusema neno. Programu iliandika jina la yule aliyefungua, basi. Wale wawili wengine, kwa daftari lile, hawakuwako duniani. Mjumbe wa chama alileta kitabu cha zamu chenye sahihi, na barua ikafutwa. Je, kama kitabu cha zamu kisingekuwako?

Tueleze kwanza jinsi programu hizi zinavyofanya kazi, maana mtu hawezi kujadiliana juu ya jambo asilolijua. Njia ziko mbili. Njia ya kwanza ni kutia ndani ya kila kompyuta kiprogramu kidogo kiitwacho wakala. Kwa saa zilizowekwa, wakala huyo hukusanya namba ya kiwandani ya mashine, aina ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu na wa diski, programu zote zilizomo na matoleo yake, anwani ya mtandao, na pia jina la mtu aliyeingia. Kisha hupeleka habari hizo kwa seva, na seva huziandika. Programu kama OCS Inventory na GLPI, ambazo mtu huzipata bila malipo, hufanya hivyo.

Njia ya pili ni seva yenyewe kuzunguka mtandaoni na kugonga kila anwani. Swichi, ruta na printa huijibu kwa lugha yao iitwayo SNMP. Kompyuta za Windows huweza kujibu kwa njia ya WMI, na zile za Linux kwa njia ya SSH. Lakini kabla ya kujibiwa, seva hiyo lazima iwe na jina na neno la siri la kuingilia. Yaani ni kama askari wa zamu anayezunguka nyumba nzima akiwa na funguo za vyumba vyote kiunoni.

Sasa mtu asiseme kwamba chama kinapinga maendeleo. Tunajua faida ya daftari hili. Tarehe 12 Mei 1917 ingekuwa habari ya vita vya wakubwa. Tarehe 12 Mei 2017 ilikuwa habari ya kompyuta. Siku hiyo virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi nyingi, vikafunga kompyuta na kudai fedha. Katika Uingereza peke yake, mashirika ya hospitali za umma yasiyopungua 80 kati ya 236 ya England yalipata taabu, na maelfu ya wagonjwa wakarudishwa nyumbani bila kuonwa. Dawa ya ufa ule ilikuwa imekwisha kutolewa na Microsoft mwezi wa Machi mwaka ule ule. Mashine zilizoumia ni zile ambazo hazikutiwa dawa. Na fundi hawezi kutia dawa mashine asiyojua kama iko. Walioteseka siku ile walikuwa wauguzi na makarani, wafanya kazi kama sisi, walioandika majina ya wagonjwa kwa kalamu na karatasi. Kwa hivyo mashine zihesabiwe, na zihesabiwe vizuri.

Lakini kitu chenye funguo zote ni hatari pia. Mwezi wa Desemba 2020 ilijulikana kwamba wezi waliingia katika programu ya Orion ya kampuni ya SolarWinds ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuangalia mitandao ya kompyuta. Waliweka sumu katika toleo jipya, na wateja wapatao 18,000 walilipokea, zikiwamo wizara za serikali ya Marekani. Mlinzi ndiye aliyetumiwa kuwa mlango. Basi mwajiri anayetia programu ya namna hii kwa haraka, kwa neno la siri la mkubwa wa mitambo, hahatarishi mali yake tu. Anahatarisha pia mishahara yetu, majina yetu na habari za watoto wetu zilizomo katika mafaili ya ofisi.

Tena kuna jambo ambalo katika nchi hii ya Kenya hatuna haja ya kufundishwa na mtu. Babu zetu walihesabiwa. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alilazimishwa kuwa na kipande. Ndani yake mliandikwa jina lake, alama za vidole, bwana wake, mshahara wake, na siku aliyoingia na kutoka kazini. Alikivaa shingoni katika kasha la chuma. Bila sahihi ya bwana hakuweza kuacha kazi. Harry Thuku, aliyekuwa mfanya kazi wa simu katika Hazina ya serikali mjini Nairobi, alikuwa miongoni mwa waliosimama kukipinga mwaka 1921, na mwaka 1922 akakamatwa. Hatusemi kwamba programu ya kuhesabu kompyuta ni kipande. Tunasema kwamba daftari likianza kuandika mtu bila mtu kujua, linaelekea njia ile ile, na shauri ni kulizuia mapema.

Kwa hivyo chama kinataka mambo sita yakubaliwe kabla programu haijatiwa, si baadaye.

Kwanza, tawi lipewe kwa maandishi orodha ya kila habari itakayokusanywa, nani ataisoma, na itawekwa muda gani. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, inamtaka mwajiri akitoe kwa chama kilichotambuliwa kila habari inayohitajiwa ili chama kiweze kujadiliana sawasawa. Orodha hiyo ibandikwe ubaoni, kila mtu aisome.

Pili, mahali pa jina la mtu paandikwe namba ya meza au jina la idara. Wasituambie kwamba haiwezekani. Katika wakala wa GLPI, kwa mfano, fundi anaweza kuzuia fungu zima la habari, kama habari za watumiaji, kwa mstari mmoja tu wa maagizo. Asipoambiwa azuie, wakala huchukua alichopangiwa tangu mwanzo.

Tatu, mipaka. Anwani zitakazozungukwa ziwe za ofisi, zimeandikwa. Simu zetu wenyewe zisiguswe. Na wale wanaopeleka kompyuta za kazi nyumbani, wakala asiende kutafuta vyombo vilivyomo nyumbani mwa mtu. Televisheni ya mke wa mtu si mali ya kampuni.

Nne, funguo. Programu ipewe jina lake peke yake, lenye ruhusa ya kusoma tu, si ya kubadili. SNMP iwe ya toleo la 3, inayoficha maneno, kwa sababu matoleo yaliyotangulia hupeleka neno la siri wazi njiani. Na mashine zisikusanywe zote kwa dakika moja saa mbili asubuhi wakati wateja wamejaa, zipangiwe zamu.

Tano, daftari la mashine lisiwe shahidi wa pekee dhidi ya mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutohukumiwa kwa kazi ya mtambo peke yake katika jambo linalomgusa sana. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, mwajiri lazima amweleze kwa lugha anayoifahamu, naye ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama. Barua ya onyo iliyotoka katika programu bila mtu kuulizwa, sisi hatuitambui.

Sita, makarani wa stoo wasifutwe kazi kwa jina la programu hii. Programu haioni kompyuta iliyozimwa kabatini, wala printa iliyovunjika, wala skrini iliyobebwa kutoka orofa moja kwenda nyingine. Lazima mtu atembee, aangalie, alinganishe. Karani wa stoo anayejua vyombo vyake afundishwe kusoma daftari jipya, alipwe kwa ujuzi huo.

Sasa neno moja kwa ndugu zetu mafundi wa kompyuta. Ninyi pia ni wafanya kazi. Mkiagizwa na mkubwa, "Weka programu Jumamosi, usimwambie mtu," ninyi ndio mtakaolaumiwa na wenzenu Jumatatu, na siku mwizi akiingia kwa neno la siri mlilolitia kwa haraka, ninyi ndio mtakaofukuzwa. Mapatano haya yanawalinda ninyi kwanza. Ombeni maagizo kwa maandishi, na mjulisheni mjumbe wenu.

Na ninyi wanachama wote, wiki hii mwulizeni mkuu wa ofisi maswali matatu: Je, iko programu inayohesabu kompyuta zetu? Inaandika nini? Nani anasoma? Kuuliza si ujinga, na ni haki yenu, kwa kuwa kifungu cha 26 cha Sheria ya Kulinda Data kinampa kila mtu haki ya kujulishwa habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, ya kuziona, na ya kutaka zilizo na makosa zisahihishwe. Anayenyimwa aweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Kulinda Data. Lakini asiende peke yake. Alete jambo lake kwanza katika mkutano wa tawi, tulichukue pamoja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku ya kuziba ufa huu ni siku programu inapotiwa, wakati fundi bado ana orodha mkononi na mwajiri bado anataka tukubali. Baada ya hapo tutakuwa tunabishana juu ya barua moja moja, mtu mmoja mmoja, na hivyo ndivyo wafanya kazi wanavyoshindwa.

Mashine zihesabiwe. Watu waheshimiwe.

Umoja ni nguvu.