Lugha Inayoachwa Langoni

Miongoni mwa maneno madogo yatendayo mambo makubwa katika elimu ya Kenya limo neno "au". Mwanafunzi apatapo wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne, amefika kizingiti cha shahada katika chuo kikuu cha umma. Hapo hutazamwa masomo manne ambayo kozi aitakayo huyadai. Katika kozi nyingi, zikiwamo za tiba, sheria na biashara, moja la masomo hayo huandikwa hivi: Kiingereza au Kiswahili. Mwaka 2023 neno hilo lilizidi nguvu, ilipoamuliwa kwamba wastani wa mtihani ukadiriwe kwa hesabu, lugha moja tu, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa ameyafanya vizuri zaidi.

Asikiaye hayo huenda akasema kuwa hiyo ndiyo haki, kwa sababu lugha mbili zimewekwa katika mizani moja. Laiti ingekuwa hivyo! Aliyeingia kwa Kiingereza atasoma kwa Kiingereza mpaka siku ya kuvaa joho. Aliyeingia kwa Kiswahili naye atasoma kwa Kiingereza mpaka siku hiyo hiyo. Isipokuwa wale waliochagua kukisomea Kiswahili chenyewe, kwa kawaida hapana atakayeulizwa tena kama anaijua lugha ya taifa. Lugha mbili zimealikwa arusini. Moja imekaribishwa ndani, nyingine imeachwa langoni ishike viatu vya wageni.

Nasema bila kificho kwamba jambo hilo ni kosa, na dawa yake ni moja. Kila shahada itolewayo na chuo kikuu cha umma nchini Kenya iwe na sharti kwamba mwanafunzi asome, na afaulu, somo la Kiswahili cha kazi yake. Daktari asome Kiswahili cha tiba, mwanasheria Kiswahili cha sheria, na bwana shamba Kiswahili cha kilimo. Asiyefaulu asipewe shahada mpaka afaulu.

Si kwa ajili ya fahari ya lugha nasema hivyo. Nasema kwa ajili ya watu watakaohudumiwa. Mtazameni daktari aliyesoma miaka sita. Anajua moyo unavyopiga na figo zinavyochuja, lakini yote hayo ameyajua kwa lugha ambayo mgonjwa wake huenda haijui. Akitaka kumweleza shinikizo la damu, humwambia tu kwamba ana "presha". Mgonjwa, ambaye mtaani husikia neno hilo likitumiwa kwa hofu na wasiwasi, hudhani ameonywa asikasirike. Chumvi haipunguzi. Dawa iliyotakiwa inywewe kila siku huiacha siku ile moyo wake utuliapo. Akija kuanguka, tutamlaumu kwa ujinga. Lakini nani mjinga zaidi: asiyeambiwa, au msomi asiyeweza kuambia?

Mtazameni mwanasheria pia. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kifungu cha 49 kinamtaka mtu akamatwapo aambiwe sababu upesi kwa lugha aifahamuye. Basi mwanasheria asiyeweza kueleza tofauti ya dhamana na faini, au ya kuuza shamba na kuliweka rehani, atamsaidiaje mzee aliyekwisha kutia kidole gumba katika karatasi asiyoielewa? Shamba limepotea mara ngapi kwa sababu neno moja halikufasiriwa!

Wako wapinzani, na yafaa tuwasikilize kabla ya kuwajibu.

Wa kwanza husema kwamba ratiba ya chuo kikuu imejaa, haina nafasi ya somo jingine. Mbona nafasi ilipatikana kwa somo la stadi za mawasiliano, ambalo wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hulazimishwa kulisoma kwa Kiingereza, hata wale wa sayansi? Hapana aliyesema kwamba somo hilo linamchelewesha mhandisi. Penye nia pana njia; na penye visingizio, hata njia iliyofagiwa huonekana miiba.

Wa pili husema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa elimu ya juu. Hao waende maktaba. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, imefundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili, na wanafunzi wake wamepata shahada. Maneno hayafi kwa kukosa kuzaliwa, hufa kwa kukosa kutumiwa. Jembe lisilolimiwa halina budi kushika kutu, na kutu hiyo si kosa la mhunzi.

Wa tatu husema kwamba Kiingereza ndicho kitufunguliacho vitabu vya dunia. Kweli tupu, wala sitaki kifukuzwe. Nataka tu kwamba msomi aliyechota maji katika kisima cha mbali awe na chombo cha kuyafikisha nyumbani.

Wa nne husema kwamba wako Wakenya ambao hata Kiswahili hawakijui, ila lugha ya mama tu. Hilo pia ni kweli. Lakini daktari wa Kisumu apelekwapo Lamu, na mwalimu wa Machakos apelekwapo Turkana, ni lugha gani iliyo karibu zaidi na watu wanaomngoja huko? Hatuwezi kumdai kila mtumishi azijue lugha zote za nchi. Tunaweza kumdai aijue vyema ile moja inayotuunganisha.

Msidhani, vijana, kwamba masharti ya shahada yameshuka kutoka mbinguni. Yameandikwa na watu, na watu huyabadili. Mwezi wa Oktoba 1968, katika Chuo Kikuu kishiriki cha Nairobi, walimu watatu walitaka idara ya Kiingereza ivunjwe, na badala yake iwekwe idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Walimu hao ni Henry Owuor Anyumba, Taban lo Liyong, na Ngũgĩ wa Thiong'o ambaye siku zile aliitwa James Ngugi. Swali lao lilikuwa kwa nini Afrika iwe pembeni katika masomo ya Waafrika. Waliwaudhi wengi. Lakini idara ilibadilika, na fasihi ya Afrika ikahamia katikati. Bunge nalo lilianza kusikia Kiswahili mwaka 1974, baada ya miaka zaidi ya kumi ya uhuru. Lililowezekana katika fasihi na katika Bunge halishindikani katika tiba na sheria.

Basi ninyi mlio katika vidato leo, msilisome somo la Kiswahili kama mzigo wa kutuliwa siku ya mtihani. Ombeni vyuo vikuu viwadai zaidi, si kidogo. Na hata kabla vyuo havijasikia, anayetaka kuwa daktari na ajifunze kuitaja kongosho, na anayetaka kuwa mwanasheria ajifunze kueleza mirathi. Shahada ni deni. Waliolipa kodi ili ipatikane ni wakulima, wachuuzi na wavuvi, nao wana haki ya kulipwa kwa maneno wanayoyaelewa.