Novena ya Anuarite Haikamiliki Bila Kitubio

Tarehe 1 Desemba ya kila mwaka Kanisa Katoliki humkumbuka Mwenyeheri Maria Klementina Anuarite Nengapeta, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu aliyeuawa mjini Isiro, kaskazini-mashariki mwa Kongo, mwaka 1964, na waamini wanaompenda huitangulia sikukuu hiyo kwa novena, yaani sala inayosaliwa siku 9 mfululizo kwa nia maalumu. Nia zinazosikika zaidi ni kazi, mtoto, mtihani, ugonjwa usiopona. Hakuna ubaya wowote katika kumlilia Mungu kwa shida hizo, ila ni jambo la kusikitisha kwamba tendo la mwisho la Anuarite, yaani kumsamehe aliyekuwa akimuua, ndilo linaloombewa kwa nadra kuliko yote.

Wakatoliki hulaumiwa mara kwa mara kwamba wanaabudu wafu, na jibu la lawama hiyo ni la zamani sana. Mtaguso wa pili wa Nisea, uliofanyika mwaka 787, ulitenganisha ibada ya kuabudu, ambayo ni ya Mungu peke yake, na heshima wanayopewa watakatifu na sanamu zao. Mtakatifu haombwi atoe neema kana kwamba ni mali yake, bali huombwa amwombee mwamini kwa Mungu, kwa kuwa Kanisa huamini kwamba kifo hakivunji undugu wa waliobatizwa, imani ambayo katika Kanuni ya Imani huitwa ushirika wa watakatifu. Lakini undugu una masharti yake: anayemwita Anuarite dada na kumtegemea kwa maombezi hana budi kukubali pia kufundishwa naye.

Somo lenyewe ni zito. Tarehe 29 Novemba 1964 waasi wa Simba waliingia katika nyumba ya watawa ya Bafwabaka, wakawapakia masista kwenye lori na kuwapeleka Isiro, ambako maofisa wao walitaka kumfanya Anuarite mke wa mmoja wao. Alikataa, akisema kwamba alikwisha kujitoa kwa Mungu. Kanali Pierre Olombe, mmoja wa maofisa hao, aliyekasirishwa na ukaidi wa msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka 25, alimpiga vibaya, na masista waliokuwapo walishuhudia baadaye kwamba katikati ya kipigo hicho Anuarite alimwambia kuwa anamsamehe, kwa sababu hajui atendalo. Kisha akachomwa visu vya bunduki na kupigwa risasi. Msamaha huo haukutolewa baada ya miaka ya kutuliza moyo, wala haukusubiri kuombwa; ulitamkwa wakati mkosaji bado ameinua mkono.

Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, yaani alipotamka rasmi kwamba Anuarite yuko mbinguni na anaweza kuheshimiwa hadharani, alitamka pia msamaha kwa muuaji kwa niaba ya Kanisa zima. Wapo wanaoona kwamba maneno ya namna hiyo huwapunguzia uzito wahanga, hasa katika nchi ambayo mashariki yake imezoea kuona wauaji wakitembea huru, na hoja hiyo haistahili kupuuzwa. Hata hivyo msamaha wa Kikristo haujapata kuwa kibali cha kuifunga mahakama, na Olombe mwenyewe alishitakiwa na kuhukumiwa. Kinachokatazwa na msamaha ni chuki, si sheria.

Mafundisho hayo hayo yamo ndani ya kitubio, sakramenti ambayo kwayo mwamini aliyebatizwa huondolewa dhambi zake kwa njia ya padre. Kwa upande wa mwenye kutubu yanahitajika mambo matatu: majuto, maungamo na malipizi, na hili la mwisho ndilo linalochukuliwa kwa wepesi mno. Wengi hulielewa kuwa ni zile Salamu Maria chache zinazosaliwa kwa haraka kwenye benchi baada ya kutoka kwa muungamishi, ilhali Kanisa linafundisha kwamba aliyeiba arudishe, aliyechafua jina la mwenzake alisafishe, na aliyejeruhi afidie kadiri awezavyo. Injili ya Mathayo, katika sura ya 5, inakwenda mbali zaidi, maana inamtaka mwenye sadaka aiache mbele ya altare akapatane kwanza na nduguye. Mume anayewasha mshumaa mbele ya picha ya Anuarite ilhali amemnunia mkewe tangu Pasaka, au ndugu wanaosali rozari pamoja na kuvukana barabarani kwa sababu ya shamba la marehemu baba yao, wanaomba kwa mdomo kile wanachokikataa kwa mikono.

Kwa kuwa sikukuu hii huangukia karibu na mwanzo wa Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli, maparoko wana nafasi nzuri ya kurekebisha hali hiyo bila gharama yoyote. Watenge siku moja ya novena kwa maungamo, waiweke mapema, siku ya tatu au ya nne, ili anayeagizwa kwenda kumwomba radhi jirani yake abaki na siku za kutosha za kumtafuta kabla ya tarehe 1 Desemba.