Ale ya Mzungu ni ufundi, busaa ya shangazi ni kosa?

Samahani wasomaji, leo naweka programu kando. Nina hasira, na hasira hii ina povu juu.

Nimetoka nyumbani, Homa Bay. Juzi shangazi yangu, Waya kama tunavyomwita, alimwagiwa mitungi miwili ya busaa. Walikuja alfajiri, wakapiga mitungi teke, wakamwambia ashukuru hawakumpeleka ndani. Huyu ndiye mama ambaye pombe yake ilinilipia ada ya sekondari. Kompyuta ya kwanza niliyoigusa, niliigusa kwa sababu yake.

Sasa sikilizeni kisa cha pili.

Nilipokuwa nasoma Uingereza, niliishi na jamaa aliyekuwa akitengeneza ale kali jikoni kwetu. Nilimsaidia. Unachukua kimea cha shayiri kilichosagwa, unakiloweka kwenye maji ya moto, kama nyuzi 65, kwa saa moja hivi. Unachuja yale maji matamu, unayachemsha na maua ya hopsi ili yapate uchungu, unayapoza, unatia hamira. Ukitaka iwe kali, ongeza nafaka, si maji. Kisha uvumilivu: yetu ilikaa kwenye chupa miezi sita.

Siku ya kuonja walikuja marafiki. Wakazungusha glasi, wakanusa, wakaandika kwenye vijitabu: zabibu kavu, mkate uliobanikwa. Mimi nilipiga funda moja nikacheka peke yangu. Ilikuwa sukari nguru! Ile ile ya Awendo, kule Migori, tuliyokuwa tukiibia watu wazima utotoni. Baada ya glasi ya pili nilisimama polepole, nikishika ukuta.

Hakuna aliyebisha hodi. Uingereza iliondoa leseni ya kutengeneza bia nyumbani mwaka 1963. Marekani ikafuata 1978.

Haya, mtazameni Waya. Anachachua unga wa mahindi siku kadhaa, anaukaanga kwenye bati hadi unukie. Anachipusha wimbi, analianika, analisaga: hicho ndicho kimea. Anachanganya na maji, anaacha ichachuke, anachuja. Nafaka, kimea, maji, chachu, subira. Sisi waandika programu tungesema mantiki ni ile ile, ni lugha tu imebadilika. Tena busaa ni dhaifu kuliko ale tuliyopika, ambayo ilipita asilimia 8. Ya Waya ingefika nusu ya hapo, ingekuwa imejitahidi.

Lakini Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inakataza mtu kutengeneza kileo bila leseni. Ndiyo sheria iliyofuta marufuku ya chang'aa, tukashangilia. Kumbe mlango ulifunguliwa kwa mwenye kiwanda. Mwenye mtungi kabaki nje.

Na kiwanda kinabembelezwa. Bia ya keg iliyoanza kuuzwa 2004 ilipunguziwa ushuru ili maskini waache pombe haramu. Leo inatengenezwa kwa mtama, na wakulima wa Homa Bay na Migori ni miongoni mwa wanaoulima. Siwapingi, wauze! Ila nielezeni: nafaka ikipanda lori kwenda Kisumu ni maendeleo, ikiingia mtungi wa Waya ni jinai. Imebadilika nini njiani?

Najua mtakachosema. Pombe ya kienyeji inaua. Mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi, na 2014 tukazika tena. Lakini soma vizuri: kilichoua ni methanoli, kemikali ya viwandani iliyotiwa na wafanyabiashara wenye haraka. Wimbi halikumwua mtu. Na pombe inayopikwa kwa kujificha ndiyo rahisi kutiwa sumu, kwa sababu hakuna anayeweza kuikagua wala kushtaki. Programu ikiwa na hitilafu, dawa ni kuifungua watu waione ndani. Hatuizibi macho.

Mtasema pia kwamba yule jamaa wa Uingereza hakuuza, Waya anauza. Kweli, na huko nako ukitaka kuuza unajiandikisha. Basi mwandikisheni Waya! Na kama wanaume wanalewa mchana na watoto wanalala njaa, hilo nalijua, nimekulia humo. Wekeni saa za kuuza, kateni umri, adhibuni anayetia kemikali. Teke la alfajiri halijamponya mlevi hata mmoja. Anavuka tu kwenda kwa jirani.

Katiba ya 2010 iliweka leseni za vileo chini ya kaunti. Kwa hiyo nasema na ninyi waheshimiwa wa mabunge ya Homa Bay na Migori, wengi wenu mlisomeshwa kwa mtungi kama mimi. Tungeni leseni ndogo ya mpika busaa: ada anayoweza kuilipa, maji yake yapimwe, pombe yake ipimwe. Na Bunge la Nairobi liruhusu familia kupika ya kwake bila leseni. Wazee walikaa duol wakivuta kong'o kwa oseke kutoka chungu kimoja kabla bunge lolote halijajengwa.

Waya amenunua mitungi mingine. Wimbi limeshalowekwa.